Watoto Walioletwa na Shangazi

Sindeni, Handeni
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia nikitumaini kwamba goti limetulia na kwamba baridi ya Kwashemshi haikubani kifua kama ilivyokubana mwezi wa saba. Dawa ya kuchua niliyompa Jonathan akuletee ilifika? Ipake jioni, kisha ujifunike, usitoke tena nje kwenda kuangalia kuku. Wifi yangu hajambo? Na mjukuu wako, jino limeshaota? Mimi huku ni mzima. Joto limeanza, vumbi tunalala nalo na kuamka nalo, lakini mwili una nguvu na kazi zinaendelea.

Najua utashangaa kupata barua wakati juzi tu tuliongea kwenye simu. Lakini Mama, simu yako unaiweka sauti kubwa, na kila aliyepo jikoni anasikia. Mara ya mwisho nilikuuliza wewe habari za tumbo, akanijibu jirani. Jambo ninalotaka kukwambia leo haliwezi kupita mbele za watu. Jonathan anakuja kesho kuchukua gunia la mahindi, nami nitampa bahasha hii ikiwa imefungwa. Tafadhali usimwambie akusomee. Vaa miwani, kaa peke yako, soma polepole kama unavyosoma Zaburi.

Nianze na habari za kituoni, kwa maana ndiko jambo lilikoanzia. Huu ni mwaka wangu wa nne hapa, na mradi wa kanisa umekua. Kila Jumamosi wanakuja watoto zaidi ya mia mbili. Wanakula, wanapimwa afya, wanasaidiwa masomo, na mama zao wanajifunza kushona, kufuga kuku na kulima mihogo isiyoogopa jua. Wengi ni Waislamu, kwa sababu ndio wenyeji wa hapa, na wapo pia Wamasai wa huko mbugani. Mlangoni hakuna anayeulizwa dini. Mkubwa wetu, Mchungaji Eliasi, hupenda kusema kwamba umaskini ndio urithi pekee ambao ndugu hawagombanii. Babu anamwachia baba, baba anamwachia mtoto, na hakuna anayekwenda mahakamani. Husema hivyo akicheka, halafu huvaa mabuti yake ya mvua na kupanda pikipiki kwenda kukagua kisima.

Bi. Mwaija unamfahamu kwa jina, yule mama mwenye nyumba ninayopanga. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Ni Mwislamu wa swala tano, na kituo kizima kinamwogopa kuliko kinavyomwogopa Mchungaji.

Mwaka jana washarika na wafadhili walijenga bweni la wasichana lenye vitanda ishirini na vinne. Wenye shida walikuwa wengi mno, basi kamati ikaamua kwamba vitanda vile viwe vya wasichana waliofiwa na wazazi wote wawili. Kazi ya kuandikisha nikapewa mimi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikaangalia vyeti vya vifo pale vilipokuwapo, na pale visipokuwapo nikaulizia majirani. Orodha ilikuwa karibu kujaa.

Mwezi wa kumi na moja, siku ambayo mvua ilikuwa inapiga bati hadi hatusikilizani, akaingia ofisini mama mmoja wa Kimasai, mrefu, mwembamba, tope limempanda hadi magotini. Alijitambulisha kwa jina la Nashipai. Alikuwa amemshika mkono binti wa miaka tisa hivi, anayeitwa Kaika. Alinieleza kwamba mtoto yule ni wa marehemu kaka yake, na kwamba mke wa kaka yake naye alishafariki. Yeye ni shangazi tu, ng'ombe wote walikufa katika ule ukame, na huko wanakokaa shule iko mbali kiasi kwamba mtoto akitoka alfajiri anafika wenzake wakienda mapumziko. Alikuwa amesikia tuna nyumba ya watoto wasio na wazazi.

Nikamgeukia mtoto, nikamwuliza habari za nyumbani. Akasimama wima, akaunganisha mikono mbele, akasema: "Baba yangu amekufa. Mama yangu amekufa. Huyu ni shangazi." Kiswahili kilinyooka kama kimepigwa pasi. Nikamwuliza kama ana njaa. Hakunielewa. Nikamwuliza kama anasikia baridi. Hakunielewa pia. Kiswahili chote alichokuwa nacho duniani kilikuwa ni sentensi zile tatu.

Kisha tone la mvua likamdondokea usoni kutoka kwenye nywele. Nashipai akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akampangusa nyusi, ya kushoto kwanza halafu ya kulia, huku macho yake yakiwa kwangu akiendelea kunieleza habari za ng'ombe. Hakujua hata kama mkono wake umefanya hivyo.

Nilijua, Mama. Nilijua papo hapo. Wewe unaelewa nilijuaje, na nitafika huko. Nilichukua kalamu, kwenye nafasi ya baba nikaandika marehemu, kwenye nafasi ya mama nikaandika marehemu, nikatia sahihi. Kaika akawa mtoto wa ishirini na nne, na orodha ikafungwa.

Siku mbili baadaye akaja bibi mmoja asiyeona, anaongozwa na mjukuu wake aitwaye Ikram, msichana wa miaka kumi. Baba na mama wa Ikram walifariki kweli, makaburi yao yako nyuma ya nyumba na watu wote wanayajua. Nikawaambia nafasi zimejaa. Bibi alinishukuru kwa kuwasikiliza, wakaondoka.

Januari bweni likafunguliwa. Wiki za kwanza Kaika alikuwa akilala chini ya kitanda badala ya juu yake, na tulikuwa tukimkuta asubuhi amekumbatia shuka lake. Lakini darasani, Mama, mtoto yule alikuwa moto. Kufika Pasaka alikuwa anaongea Kiswahili na kutania wenzake kwa Kizigua. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya ndugu kutembelea, Nashipai alikuja na kibuyu cha maziwa, ametembea tangu kabla ya jua. Wasichana wakimwona walipiga kelele kwamba shangazi yake Kaika amefika. Watoto wengine huwakimbilia ndugu zao. Kaika alikuwa anatembea. Alitembea taratibu, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, akafika, akainamisha kichwa ashikwe utosini, kama watoto wao wanavyoamkia. Mimi nilikuwa nawaangalia kupitia dirisha la ofisi, nikajikuta nimekunja ngumi.

Siku moja nilimsikia anamsomea Nashipai maandishi ya kwenye mfuko mtupu wa unga, jina la kinu, uzito, na neno la kuonya watu wauhifadhi mahali pakavu. Nashipai alimwomba asome tena. Akasoma tena. Alimwomba mara ya tatu, na nikaona kwamba haangalii mfuko, anaangalia mdomo wa mtoto.

Nilifurahi, nisikufiche. Lakini mwezi wa tatu nilipita kijijini kwa akina Ikram nikamkuta ameacha shule. Alikuwa anachotea maji mama mmoja anayepika chakula njiani, ili yeye na bibi yake wapate makombo ya wali. Niliwaachia blanketi. Bibi akanishukuru tena, kwa maneno yaleyale. Usiku huo sikula.

Mambo yalifumuka mwezi wa sita. Mzee mmoja wa Kimasai alikuja kumsalimu Mchungaji, na katika maongezi akasifu, bila nia mbaya yoyote, kwamba yule binti wa Moreto na Nashipai siku hizi anasoma kama karani. Mchungaji akamwuliza Moreto ni nani. Akaambiwa ni mume wa Nashipai, alikwenda Dar es Salaam kulinda nyumba za watu baada ya ng'ombe kufa, mwaka wa tatu sasa hajarudi. Jumatatu Mchungaji akaitisha kamati.

Tulikaa darasani, mchana. Alikuwapo Mchungaji, Bi. Mwaija, mwenyekiti wa kijiji Mzee Mbwana, na mimi niliyetakiwa kuandika kumbukumbu za kikao. Nashipai alipewa kiti, akakaa sakafuni. Mchungaji alimwuliza kwa upole kama Kaika ni mwanawe. Alikana. Akaulizwa mara ya pili, akakana tena, akaanza kueleza jinsi mama wa mtoto alivyofariki katika uzazi, akataja hadi mwezi. Shanga zake za shingoni zilikuwa zinalia. Mzee Mbwana, ambaye si mtu mbaya ila anapenda mambo yaishe, akasema hakuna haja ya kuvutana. "Aitwe mtoto," akasema. "Mtoto hasemi uongo. Aulizwe hapa mbele yetu, mama yako ni nani?"

Nashipai akafunika uso kwa shuka. Mchungaji alikuwa ameshafungua mdomo kumtuma mtu bwenini. Nami nikasikia kiti changu kinaanguka, kumbe nimesimama.

Nikawaambia wasimwite mtoto. Nikawaambia kwamba mtoto atasema mama yake amekufa, atasema huku mama yake amekaa mbele yake, na hatatikisika, kwa sababu amefundishwa vizuri. Na kwamba akishalisema hilo mbele ya wakubwa wanne, litakaa ndani yake miaka yote. Mzee Mbwana akaniuliza najuaje. Nikasema najua kwa sababu mimi nililisema nikiwa na miaka minane.

Mama, hapo ndipo nilipoitoa siri yetu. Sikukuomba ruhusa, na ndilo jambo la kwanza ninalokuandikia.

Niliwaeleza yote. Kwamba baba yetu alishuka kwenda kwenye mashamba ya mkonge, akaoa huko, hakurudi. Kwamba ulibaki nasi na magimbi ya bondeni, na mwaka ule magimbi nayo yakaoza. Kwamba ulisikia kuna nyumba ya kanisa kule chini inayochukua yatima na kuwasomesha, ukanishika mkono tukateremka, Jonathan ukiwa umembeba mgongoni, na njia nzima ulikuwa unanifundisha. Nikikosea tulikuwa tunasimama, naanza upya. Baba amekufa. Mama amekufa. Huyu ni shangazi. Niliwaeleza pia lile ambalo nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima, kwamba ulichagua kuwa shangazi badala ya mama mdogo kwa sababu kwenye mama mdogo kuna neno mama, na uliogopa nikianza kulitamka nitalia.

Niliwaambia kwamba nimesoma, nimepata cheti, nimepata kazi hii, vyote kwa uongo ule, na kwamba siku Nashipai alipoingia ofisini nilijua nikaandika hivyohivyo. Kisha nikawaambia habari za Ikram. Hilo lilikuwa gumu kuliko mengine. Nikasema kuna mtoto anachota maji ya watu kwa sababu ya sahihi yangu.

Nashipai alikuwa amefunua uso, ananitazama. Kiswahili chake si kingi, lakini alikuwa ameelewa. Akasema kwa sauti ndogo, bila kuulizwa na mtu, "Ni mwanangu. Nilimzaa mimi, njiani, tukihamisha ng'ombe."

Sitaki kukudanganya kwamba wote walilia na mambo yakaisha kwa wimbo. Mzee Mbwana alikasirika, akasema kituo kikijulikana kuwa kinadanganywa na wafanyakazi wake hakuna atakayekiamini. Alikuwa na haki. Mchungaji Eliasi alisema kitanda ni cha Ikram na atakipata wiki ileile. Mimi nikaondolewa kwenye kazi ya kuandikisha na kupewa barua ya onyo, na niliipokea kwa mikono miwili. Ikabaki Kaika. Mchungaji aliuliza mtoto atakwenda wapi, kwa maana kumrudisha mbugani ni kumtoa shuleni, na akikua bila shule naye atakuja kumzaa mwingine wa kuletwa hapa na shangazi.

Ndipo Bi. Mwaija akajifunga khanga vizuri, akasema kwamba kanisa letu linahesabu vitanda, yeye kwake ana mkeka, na mkeka haujai. Kaika atalala na wajukuu zake, ataenda shule pamoja nao, na mama yake atakuja kumwona siku yoyote anayotaka, mlango wa mbele, kama mama. Alisema hivyo kwa ukali, kana kwamba anamgombeza mtu. Kisha akanigeukia, akaniambia nikusanye karatasi zangu kwa sababu adhuhuri inampita.

Basi, Mama, hivi ninavyokuandikia Kaika yuko uani, anawafundisha wajukuu wa Bi. Mwaija mchezo wa mawe wa kwao. Ikram yuko bwenini, amerudi darasa la tatu, na bibi yake anapelekewa chakula na akina mama wa kikundi kwa zamu. Kituo nacho kimejifunza. Tangu mwezi wa saba tumeanza kuwafikia wazazi walio hai kabla hawajafika mahali pa kujiua kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi hiyo. Nashipai alikuwa wa kwanza. Alipewa mbuzi wawili wa maziwa, na siku ya mafunzo, bwana mifugo alipokuwa anaonyesha jinsi ya kumshika mbuzi, Nashipai alimtazama kwa huruma kubwa, akanyanyuka, akamnyang'anya yule mbuzi na kumwonyesha yeye. Tulicheka hadi bwana mifugo mwenyewe akakaa chini. Sasa Nashipai na wenzake saba wanaleta maziwa hapa kijijini mara tatu kwa wiki. Wamepata na mteja wa uhakika, shule, kwa ajili ya uji wa watoto. Bado ni maskini. Lakini juzi aliniambia anafikiria mwakani, na nilikuwa sijawahi kumsikia akiutaja mwakani.

Baada ya kikao kile Mchungaji aliniita. Nilidhani amebadilisha mawazo ananifukuza. Alikuwa na jalada langu la ajira mezani. Kwenye nafasi ya mama pameandikwa marehemu, mwandiko wangu mwenyewe. Akakata mstari juu ya lile neno, akaniuliza mama yangu anaitwa nani. Katika miaka yote niliyokaa mikononi mwa kanisa, tangu darasa la pili, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilitaka kusema Filomena. Ilinibidi nianze mara tatu. Akasubiri, akaandika, akauliza unaishi wapi na unafanya kazi gani, nikasema Kwashemshi, mkulima. Akaandika yote, akasema siku ya kipaimara changu lazima ulikuwa umekaa nyuma kabisa kanisani. Nikasema ndiyo, benchi la mwisho, karibu na mlango.

Sasa nifike kwenye jambo la pili, ambalo ndilo lililonikalisha kuandika. Wiki iliyopita Nashipai alikuwa anamsuka Kaika hapa uani. Mtoto alipoondoka, Nashipai akaniuliza swali. Alisema kwamba Kaika amezoea, hata sasa mara nyingine ulimi unateleza anamwita shangazi, halafu anacheka na kujirekebisha, anasema yeyo, ndivyo wao wanavyomwita mama. Akaniuliza, wewe uliyepita huko, lile neno lilifika moyoni? Ulifika siku ukamwona mama yako kama shangazi kweli? Na kama ulifika, alikusamehe?

Nilimjibu kwamba nina kazi, nikaingia ndani.

Mama, unaikumbuka siku ya ndugu kutembelea nilipokuwa darasa la sita? Mimi naikumbuka kila wiki. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nimesimama barazani na rafiki yangu ambaye mjomba wake alikuja na gari. Wewe ukatokea getini, mkungu wa ndizi kichwani, kitenge kimechanika pembeni, huna viatu kwa sababu ulivivua ili visiharibike kwa tope. Ukaenda bombani kuosha miguu. Rafiki yangu akaniuliza yule ni nani. Nilitakiwa kusema shangazi. Hilo ndilo tulilokubaliana, na nilikuwa nimelisema mara mia. Lakini siku ile nikaona hata shangazi ni karibu mno. Nikasema, "Simjui vizuri. Ni mama mmoja anauza ndizi."

Bomba halikuwa mbali. Uliacha kuosha mguu mmoja, ukasimama nao hivyohivyo umejaa tope. Kisha ukabeba mkungu, ukaupeleka jikoni, ukamwambia mpishi umetumwa na ndugu zake Hosiana, ukaondoka. Hukuja kunisalimu. Umbali wote ule kutoka mlimani, ukarudi bila kukaa. Jioni tulipewa ndizi zile zimepikwa na nazi, nikala, na nilisifu.

Tangu siku hiyo ulipokuja ulikuwa unasimama getini kwanza, unaomba mlinzi akuulizie kama nina nafasi ya kukuona. Hujawahi kulisema. Wala nilipopata kazi, wala nilipougua ukaja kuniuguza wiki tatu, hujawahi. Nimejipa moyo miaka ishirini na mbili kwamba labda hukusikia. Lakini ulisikia, Mama. Ninajua ulisikia, kwa sababu ya ule mguu.

Mbele ya kamati nilisimama kama mtu jasiri, nikauanika uongo wako. Wangu nikaufunika. Na ndio mbaya zaidi. Ule wa shangazi ulinifundisha wewe kwa ajili ya tumbo langu, ukaulipia kila mwezi kwa miguu yako. Huu wa muuza ndizi niliutunga mwenyewe, na niliutunga kwa aibu. Sikukuonea aibu kwa sababu ya umaskini tu, nilitaka kweli kwamba usiwe wangu. Kwa dakika ile moja nilitaka hivyo kwa moyo wangu wote. Hilo ndilo jibu nililoshindwa kumpa Nashipai.

Nakuomba unisamehe. Sikuombi usahau, wala usiniambie kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilijua. Nakuomba tu, ukiweza, unisamehe nikiwa najua.

Mungu akipenda, Jumamosi ya tarehe ishirini na nane nitapanda basi la asubuhi kuja Korogwe, na mchana nitakuwa huko mlimani. Nashipai amesema tutakwenda wote. Sikumwambia habari za ndizi, hizo ni zako na zangu. Lakini nimemwambia nakuja kukuona, akasema anataka kumwona kwa macho mwanamke aliyeteremka njia ile kabla yake, ana mambo ya kumwuliza ambayo mimi niliyekuwa mtoto siwezi kuyajua. Anasikia baridi upesi, kwa hiyo mwombe wifi atutafutie blanketi la ziada. Kama hutaki nije, mwambie Jonathan aniandikie ujumbe neno moja tu, bado, nami nitasubiri. Sitauliza sababu.

Nisalimie wote wa nyumbani, Jonathan na mkewe, jirani anayenijibu kwenye simu yako, na akina mama wa kwaya. Bi. Mwaija anakusalimu sana, anasema mwenye mtoto mwoga wa kuku kama mimi lazima ni mtu wa subira. Kaika naye ameniona naandika, ameuliza barua ni ya nani. Nimemwambia ni ya mama yangu. Akauliza kama yuko hai. Nikasema yuko hai, anaitwa Filomena, yuko Kwashemshi, na goti linamsumbua kidogo.

Mungu akulinde hadi tuonane.

Ndimi mwanao,
Hosiana